Kipupwe cha Kimara

Watu wa mwambao hawana theluji, lakini wana baridi yao. Masika yanapokwisha na kusi likashika mwendo wake, kati ya Juni na Agosti, huingia kipupwe: jua huangaza bila ukali, usiku hupoa, na wazee huulizia mashuka mazito. Mjini Dar es Salaam joto la usiku wa Julai huweza kushuka hadi nyuzi 18 au 19. Mgeni atokaye Ulaya atacheka akiambiwa kuwa hiyo ni baridi. Hata hivyo, katika vilima vya Kimara, kando ya barabara ya Morogoro, yuko mwandishi wa riwaya ambaye mwaka wake wa kazi huanza pale wenzake wanapojifunika.

Ni mwalimu wa shule ya msingi. Shule hufungwa mwezi wa Juni, na wiki hizo chache ndizo mali yake. Msimu mwingine hana. Kaskazi humtoa jasho likalowesha karatasi. Masika hugeuza njia za vilimani kuwa utelezi, na jioni huishia katika kuosha matope. Septemba ni mitihani ya darasa la saba, na vuli ikija hukuta madaftari ya watoto yamemjalia meza. Basi hungoja kipupwe kama mkulima angojavyo mvua.

Huamka saa kumi alfajiri. Hujitanda khanga mbili juu ya sweta, huweka karibu chupa ya chai ya tangawizi, na kufungua daftari kubwa lenye jalada gumu, lile ambalo wauza duka huliita kaunta buku. Huandika kwa kalamu. Kuchapa kutafuata baadaye, kwa malipo, katika duka la vifaa vya ofisi lililo barabarani. Kurasa tatu zikipatikana, siku imekwenda vyema. Kwanza husikika adhana, kisha majogoo, kisha mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari zake mwaka 2016, yakiondoka Kimara Mwisho na abiria wa kwanza. Na siku ambayo maji hutoka bombani, kalamu huwekwa chini hata kama sentensi imefika katikati. Sentensi itangoja, maji hayangoji, na madumu ni mengi.

Haya si mapya katika fasihi ya Kiswahili. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, na vitabu vyake viliandikwa na mtu aliyekuwa na mwajiri wa kumtii. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe, alikuwa mwalimu. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mlima ambao hauko mbali na Kimara, na alipokwenda kusomea shahada ya uzamivu huko Madison, Wisconsin, aliijua baridi inayogandisha maziwa. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alifundisha Bayreuth, Ujerumani, na hakuacha kuandika riwaya kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah aliondoka Unguja katika miaka ya 1960, akaandika kwa Kiingereza huko Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Baridi ya ugenini humfungia mtu ndani pamoja na kumbukumbu zake. Ya Kimara haimfungii mtu. Humpa utulivu wa saa mbili tu, kisha mlango hugongwa na jirani anayeomba chumvi.

Na ni jirani aliyeuleta mtihani wa kipupwe hiki. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilizokuwa katika hifadhi ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilivunjwa ili kupisha upanuzi. Riwaya ya mwalimu inahusu nyumba mojawapo ya hizo. Mhusika wake mkuu ni mzee aliyesimama kando ya kifusi akilia, na sura hiyo, yenye kurasa kumi na moja, ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Jirani yake, mzee ambaye naye alivunjiwa, alikuwa hajasomewa hata neno moja. Mwalimu aliona kuwa si haki, akaenda kwake jioni moja na daftari chini ya kwapa.

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Karibu ukae, upepo leo si mchezo.”

Alimsomea yote. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kisha akanyamaza kwa muda.

“Nyumba umeiandika vizuri,” alisema hatimaye. “Lakini siku ile sikuililia nyumba. Nyumba niliijenga mwenyewe, ningeweza kujenga nyingine. Ule mwembe aliupanda marehemu mama watoto.”

Mwalimu hakuwa na habari ya mwembe wowote. Aliuliza kama angeruhusiwa kuuandika.

“Andika, mwanangu. Ila embe zake zilikuwa na nyuzi, zikikwama menoni mpaka kesho. Usije ukaziandika tamu. Na ukimaliza, nisomee mimi kwanza kabla hujawapelekea watu.”

Aliporudi nyumbani alizikata kwa mstari kurasa zote kumi na moja. Likizo ilikuwa imebaki siku tisa. Kitabu chake cha kwanza alikichapisha kwa akiba yake mwenyewe, na nakala zake nyingi bado zimo ndani ya boksi chini ya kitanda. Cha pili alitaka kukipeleka kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Kwa kurasa zile, aliamini alikuwa na nafasi. Kilio cha mzee kilikuwa kizuri masikioni, nacho kilikuwa cha uongo.

Siku hizo tisa zilimpa kurasa saba. Hakuna kilio ndani yake. Kuna mtu anayeokota kokwa moja la embe kwenye vumbi na kulitia mfukoni, asijue atalipanda wapi. Alimsomea mzee Jumapili, kesho yake shule ilifunguliwa. Mzee aliomba neno moja libadilishwe, likabadilishwa. Sura tano zimebaki, na kipupwe kingine kiko mbali.