Pima Oili Pikipiki Ikiwa Wima

Mkuranga

Mpwa wangu mpenzi,

 

Juzi uliponipigia simu sikukujibu sawasawa, maana honi za Mtaa wa Msimbazi, huko kwenu Kariakoo, zilinizidi masikio, na jambo lenyewe halifai kusemwa kwa haraka. Ulisema pikipiki inakula oili. Jioni ukipima unakuta kijiti kikavu, unaongeza. Asubuhi ukipima unakuta oili imepita alama ya juu. Fundi wa kijiweni kwenu amekwambia ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Usifungue. Injini iliyokula oili jioni haiwezi kuitapika asubuhi. Kinachobadilika hapo ni upimaji wako.

Wewe uko kwenye mkataba. Chombo bado si chako, na tajiri anataka hesabu yake kila siku, iwe injini iko barabarani au imetandazwa juu ya gunia. Nisingependa umwage pesa ya wiki tatu kwa sababu ya kijiti kilichosomwa vibaya.

Fikiria oili inakokaa. Haina tangi lake pembeni. Iko chini ya injini, mlemle zinamozunguka gia na klachi, nayo ni kidogo, kiasi cha lita 1 hivi katika chombo kipana. Weka maji kidogo kwenye sinia kisha uliinamishe, utaona yanavyokimbilia upande mmoja na kuacha mwingine mkavu. Stendi ndogo ya pikipiki iko kushoto, kwa hiyo ukiiegesha kwa stendi hiyo inalala kushoto. Kijiti chako kiko kulia. Oili inahamia kushoto, kijiti kinatoka kikavu, nawe unakimbilia dukani. Isitoshe, jioni unapima umetoka tu kumshusha abiria. Wakati huo sehemu ya oili bado iko juu kwenye vali na kwenye kuta za silinda, haijateremka. Kwa hiyo unadanganywa mara mbili kwa mpigo, na asubuhi, oili ikiwa imeshateremka na pikipiki iko wima, ile uliyoongeza inaonekana imezidi.

Kosa hili nalijua kwa kulifanya. Nilipokuwa na kibanda changu cha ufundi mtaani Gerezani, miaka mingi kabla soko la Kariakoo halijaungua ile Julai 2021, kijana mmoja wa kubeba mizigo aliniletea pikipiki nimwangalizie oili. Niliipima ikiwa imeegeshwa kwa stendi ndogo ukingoni mwa mtaro, nikaona kijiti kikavu, nikamwongezea karibu nusu lita. Siku ya pili akarudi anaisukuma. Oili ilipozidi ilifika kwenye vyuma vinavyozunguka, ikapigwa hadi ikawa povu, ikapanda kwa mpira wa kupumulia na kulowesha chujio la hewa. Moshi mweupe ulikuwa umejaza njia nzima. Nilimwaga, nikasafisha, sikumtoza kitu, lakini kazi ya siku ile aliikosa, naye alikuwa na watoto wawili. Tangu hapo sikuruhusu mtu apime oili kibandani kwangu kabla sijaona pikipiki imesimama wima.

Sasa fanya hivi. Tafuta sakafu iliyonyooka. Najua Kariakoo kazi hiyo si ndogo, kwa sababu kingo zote za barabara zimelazwa kuelekea mitaroni, na jua likishapanda Mtaa wa Congo huna hata pa kuweka mguu. Nenda alfajiri, wamachinga hawajatandaza, umwombe mwenye duka mmoja sakafu yake ya saruji kwa dakika kumi. Ukiishuku sakafu, chukua chupa ya maji iliyopungua kidogo, ilaze chini. Kiputo cha hewa kikitulia katikati, hapo pamenyooka. Igeuze upande wa pili uangalie tena.

Washa injini iungurume taratibu dakika tatu hadi tano, usiipige resi. Zima. Isimamishe kwa stendi kubwa, kisha uende nyuma yake uitazame kama imesimama sawa, maana stendi za bodaboda huchomelewa mara nyingi mpaka mguu mmoja unakuwa mfupi kuliko mwenzake. Kama imepinda, mwambie mwenzako akae juu na kuishika wima. Subiri dakika mbili au tatu oili iteremke. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe, kisha kichomoe usome. Oili iwe kati ya alama mbili, na mimi napenda iwe karibu na ile ya juu.

Hapo kwenye kukirudisha ndipo wengi wanapokosea, hata mafundi. Kwa injini kama yako kijiti hakikazwi wakati wa kupima. Kiache kikae juu ya tundu lake tu, usizungushe hata uzi mmoja, kwa kuwa alama zake zilichorwa kwa mkao huo. Ukikikaza kinazama zaidi, kinarudi kimelowa juu, unaondoka ukiamini oili ipo kumbe imepungua. Kosa hili ni baya kuliko lile la stendi. Ziko pikipiki za aina nyingine ambazo vitabu vyake vinataka kijiti kikazwe, na ziko zenye kioo kidogo ubavuni badala ya kijiti. Ukibadilisha chombo, soma kwanza kitabu chake. Kwa yenye kioo, kifute tope na uiname hadi jicho lilingane nacho, usikisome kutoka juu.

Injini yako ni ya Kichina, lakini ukoo wake ni Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Napenda historia yake. Wahandisi wa Honda walikwenda katika nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi, wakakuta zinabebeshwa kupita kiasi na oili inasahaulika. Wakaachana na cheni ya taimingi, wakatumia fito za kusukumia vali, ili injini istahimili mateso hayo. Kwa hiyo uvumilivu unaouona ni kitu kilichokusudiwa. Ila hata hiyo haitembei bila oili.

Jambo jingine linalohusu kipimo ni kopo. Injini ya ukoo huu, ukimwaga oili yote, inapokea lita 0.9. Kopo ni la lita 1, na watu humimina lote kwa sababu wamelilipia. Mimina kasoro kidogo, washa, zima, subiri, pima, kisha umalizie kwa kijiti. Inayobaki itunze kwa kuongezea. Hakikisha kopo limeandikwa JASO MA, maana klachi inaogelea katika oili hiyohiyo, na baadhi ya oili za magari zinaifanya iteleze. Kopo likiisha, litoboe ndipo ulitupe, wasije wakalijaza oili chafu iliyochujwa na kumuuzia mwenzako. Oili iliyotumika usiimwage mtaroni. Inateremka hadi Mto Msimbazi na baharini, ambako watu wanavua samaki tunaowala.

Ukishazoea kupima kwa namna moja, kijiti kitakuambia na mengine. Oili ikiongezeka bila wewe kuongeza, inuse. Ikinuka petroli, basi boya la kabureta halizibi, na petroli inapenya usiku hadi chini. Funga koki kila unapolala, kisha kabureta irekebishwe na oili ibadilishwe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo nakuonya hasa kwa bonde la Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha na bonde likijaa, abiria hata akikuongezea nauli mara tatu, usivuke. Na ikitokea umevuka, usiiwashe tena kabla hujamwaga oili.

Pima siku saba mfululizo, alfajiri, palepale, uandike kwenye daftari lako la hesabu pamoja na kilomita. Kama kebo ya kilomita imekatika, itengeneze. Oili ikishuka kidogo sana ndani ya wiki, injini ni nzima, endelea na kazi. Ikishuka kila siku na bomba linatoa moshi wa bluu, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli kuhusu ringi, nami nitakuja mwenyewe tuifungue pamoja, nikiwa na spana zangu.

Anza kesho. Ijumaa baada ya swala nipigie, unisomee ulichoandika.

Mimi mjomba wako.