Mnong'ono wa Inanga

Tulipokata shauri, sisi watatu wa Kigobe, kurekodi muziki nyumbani kwa kujiburudisha, programu haikutusumbua: Audacity imekuwapo tangu mwaka 2000, tena haiuzwi. Mashaka yalikuwa katika maikrofoni. Mzee wetu hupiga inanga, ubao uliochimbwa na kutandwa nyuzi, naye haimbi bali hunong'ona, kama ilivyo desturi ya kale nchini Burundi. Mnong'ono hauna lahani; nyuzi ndizo huukopesha, hata msikilizaji akadhani mzee anaimba.

Maikrofoni ya jukwaani, isiyohitaji umeme, iliusikia mnong'ono iliposogezwa midomoni tu, na hapo nyuzi zikafifia. Ile ya kondensa, idaiyo volti 48, ilivinasa vyote viwili. Ikanasa pia mvua juu ya mabati na jenereta ya jirani. Tuliinunua hiyo hiyo. Mzee ana miaka 81, wala pumzi yake haitangoja tupate chumba kimya. Sasa hurekodi alfajiri kwa betri ya kompyuta, kabla jenereta hazijawashwa, blanketi zito likiwa limetundikwa dirishani.