Krismasi Yetu Haina Theluji, Ina Upepo

Niko Jadida, hapa Wete, kisiwani Pemba. Desemba ikikaribia, watoto wetu wa Shule ya Jumapili hutengeneza kadi za Krismasi, na karibu kila kadi hubandikwa pamba. Pamba hiyo ndiyo theluji. Mtoto aliyezaliwa katikati ya mikarafuu, ambaye baridi kali aijuayo ni ya barafu ya mfuko, anachora nyumba yenye paa jeupe, kisha ananiuliza, "Mama Nesi, na kwetu itaanguka lini?"

Huwaambia kwamba theluji iliyo jirani yetu iko juu ya Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliiona na kuandika habari zake. Huko London walikuwako wataalamu waliokataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na Ikweta. Wachaga walioishi chini ya mlima huo hawakuhitaji kubishana na mtu. Kwa bahati mbaya barafu hiyo nayo inatutoka: tangu mwaka 1912 zaidi ya asilimia 80 yake imekwisha yeyuka.

Lakini msidhani kwamba sisi wa kisiwani hatuna utabiri wa kungojea wakati wa sikukuu. Tunao, tena tunausikiliza kwa makini kuliko mtu wa Ulaya anayetaka tu bustani yake iwe nyeupe. Desemba huwa mvua za vuli zinamalizika na upepo wa kaskazi unaingia. Kabla ya hapo kuna kipindi cha tanga mbili, ambapo upepo hauna msimamo na bahari mara nyingi huwa shwari. Wazee wetu walijua nyakati hizi bila redio. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi.

Siku hizi tunayo Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa vuli kwa miezi ya Oktoba hadi Desemba. Maneno yake yanataka kueleweka. Wakisema mvua zitakuwa "juu ya wastani", hawana maana kwamba itanyesha kila siku, na wakisema "chini ya wastani", haina maana kwamba hutalowa. Mambo mengi hutegemea bahari zilizo mbali nasi. Mwaka wa El Niño vuli yetu mara nyingi huzidi, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2023. Mwaka 2019 mvua zilikuwa kubwa kwa sababu Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa Indonesia.

Pemba mvua hiyo ni habari ya chakula na ada za shule. Karafuu zikichumwa huchambuliwa, makonyo yakawekwa mbali, kisha zikaanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa. Zikinyeshewa kabla ya kukauka huvunda, rangi hupotea, na bei hushuka. Nimeona mama akiacha chungu jikoni kinaungua akimbilie jamvi, wala sikumlaumu.

Jambo linaloninyima usingizi mimi, hata hivyo, ni bahari. Atokaye Unguja kuja Pemba anaelekea kaskazini, kwa hiyo kaskazi ikivuma humjia usoni. Hapa hakuna familia isiyokumbuka usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya MV Spice Islander I karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ya upepo mkali. Kwa hiyo binti yangu anaposema anakuja sikukuu, simuulizi kwanza nauli. Namuuliza kama ameangalia hali ya bahari. Mwaka mmoja lilitolewa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Baba yake alisema binti ni mtu mzima, aachwe aamue. Mimi nilimpigia simu nikamwomba angoje. Aliudhika, akasali Krismasi Unguja, akafika tarehe 27. Kuku alikuwa amekwisha liwa.

Wapo wasioweza kungoja. Mbele ya Wete kuna kisiwa cha Fundo, na mama mjamzito wa huko akishikwa na uchungu hana njia ya kufika hospitali ila kwa mashua. Mtoto hasomi utabiri. Ndiyo maana kliniki, kuanzia Novemba, kila mama wa visiwani ninamuuliza siku zake za makadirio, kisha naongea na mumewe au mama mkwe wake, kwa sababu mara nyingi wao ndio wenye kauli. Nasema hivi: akifika wiki ya 36, aje akae kwa ndugu hapa mjini. Asingoje uchungu. Na akitokwa damu, au akiumwa kichwa sana na kuona maluweluwe, au chupa ikivunjika, asingoje hata kama siku zake bado. Aletwe mara moja, na mwenye mashua aangalie bahari kwanza. Mwaka jana bibi mmoja alinijibu, "Mwanangu, sisi tumezaa huko huko siku zote." Ni kweli, wamezaa. Nilimwomba anihesabie na wale waliokufa. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nyumba ya dada yake Jadida ina nafasi ya watu wawili.

Sisi Wakristo ni wachache mno hapa, na majirani zangu karibu wote ni Waislamu. Ila wanajua kwamba baada ya ibada, katika matangazo, huwa tunasoma pia utabiri wa siku tano, na wengine hutuma mtoto mlangoni kwangu kuuliza. Wiki hii wamekuja watatu kutaka kujua kama waanike karafuu. Nimewaambia wasubiri hadi Alhamisi.