Lenzi ya Kumpigia Bibi Picha

Ukitaka kupiga picha za watu wa nyumbani jioni, sikiliza lililonipata mimi. Bibi yangu hakupenda kumulikwa na taa ya kamera, ilimwumiza macho. Basi nilimpiga kwa mwanga wa kandili, lenzi yangu ikiwa ya milimita 28, f/2.8, kwa 1/15 ya sekunde. Bibi akacheka, akatikisika, uso ukatoka kama moshi.

Nikatafuta nyingine yenye kuona upana uleule, maana katika chumba chake mgongo wangu ulikwisha kugusa ukuta. Namba ikipungua, tundu la lenzi hupanuka: f/2 hupitisha mwanga maradufu ya f/2.8, na f/1.4 mara nne. Ya f/1.4 niliitamani, lakini bei yake, loo! Nikachukua ya f/2, kuukuu, ya kulenga kwa mkono. Kabla ya kulipa niliimulika kwa tochi nione kama ina ukungu ndani, nikaizungusha pete yake isije ikawa legelege.

Mchana haina taabu. Weka f/8, umbali mita 3 na nusu, na vyote tangu mita 2 hadi mbali kabisa vitaonekana safi. Lakini usiku, kwa f/2, ukikosea shubiri moja tu utapata ukuta safi na uso wenye ukungu.

Nilimpiga Bibi tena, kwa 1/30. Picha tatu ziliharibika. Ya nne ina macho yake yote mawili, na ndiyo tuliyoiweka mbele ya jeneza lake.