Mkato uliomkosesha mzee miche

Najua nimepotea. Semesta imeanza, bumu halijaingia, na hapa hosteli maji yanatoka yakipenda. Ila kuna kisa cha likizo nilitaka kuwapa, hasa nyie wenzangu wa kompyuta mnaodhani somo la hifadhidata ni la kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Nilikuwa nyumbani Buhigwe. Kwa msiopajua, ni huko milimani Kigoma, mpakani na Burundi, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Kwetu mtu halimi zao moja. Ana kahawa, ana migomba, ana maharage, na siku hizi tangawizi. Basi kikundi cha wakulima kijijini kikaniomba niwawekee orodha yao kwenye kompyuta. Nikajiona injinia!

Nikatengeneza jedwali, kila mkulima mstari wake, na safu moja nikaiita mazao. Kila zao nikalipa namba: 1 kahawa, 2 maharage, hadi 10 tangawizi, 11 mihogo, 12 ndizi. Mwenye kahawa, maharage na ndizi nikamwandikia 1,2,12. Yote ndani ya safu moja, mikato katikati. Nikaona nimemaliza.

Ikaja zamu ya kugawa miche ya kahawa. Mwenyekiti akataka majina ya wenye kahawa tu. Nikatafuta kwa LIKE '%1%'. Lo! Karibu kijiji kizima kikatoka, maana ile 1 imo pia ndani ya 10, 11 na 12. Nikakumbuka MySQL ina FIND_IN_SET, inayopita kwenye mikato na kulinganisha kila kipande kizima. Orodha ikapungua, ikapendeza, ikabandikwa mlangoni.

Kesho yake asubuhi akaja mzee jirani yetu. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu, kahawa yangu huijui? Si ndiyo mlikuwa mnajificha humo mkiwa wadogo?"

Jamani, niliona aibu. Nikafungua mstari wake: 2, 1. Umeona? Baada ya mkato kuna nafasi, kwa haraka zangu za kuandika. Kwa FIND_IN_SET, 1 yenye nafasi mbele si 1. Nikaondoa nafasi zote kwa REPLACE, nikatafuta upya, wakatokea wengine tisa. Wawili kati yao walikuwa wameshasoma ile karatasi, wakarudi zao nyumbani kimya wakijua wamekatwa. Tukatuma watoto kuwaita kabla miche haijaisha.

Hicho ndicho kilichoniuma. Orodha iliyozidi inajionyesha, mtu atacheka au atalalamika. Iliyopungua inanyamaza, na wasiomo nao wananyamaza. Bila yule mzee kuja, ningerudi chuo nikijisifu.

Na kosa halikuwa la ile nafasi, lilikuwa la jedwali langu. E. F. Codd wa IBM alishaandika mwaka 1970 jinsi ya kupanga data kwenye majedwali, na sharti la kwanza tunalofundishwa kutoka kwake ni kila chumba kibebe kitu kimoja. Dawa ni majedwali matatu: wakulima, mazao, na la tatu la kuunganisha, mkulima mmoja na zao moja kwa mstari. Mwenye mazao matatu ana mistari mitatu. Hapo unauliza zao = 1, basi. Namba isiyo ya zao lolote inakataliwa mlangoni, ukubwa wa kila shamba unapata pa kukaa, na faharasa inafanya kazi, wakati FIND_IN_SET lazima ipitie mstari mmoja mmoja.

Nilikesha siku mbili kuvunja ile mikato. Mzee alipata miche yake, ila mpaka naondoka alikuwa ananitania: "Injinia, leo nimo?"

Ngoja niishie hapa, wenzangu chumbani wanataka kuzima taa. Mwenye safu ya mikato kwenye projekti yake aamke sasa hivi. Tuonane kantini!