Kanzu na Mwenye Kanzu

Kipimamwanga hakisemi uongo, walakini chaweza kumpoteza mtu akisadikiye bila ya kukiuliza vema. Jambo hili nilifundishwa na mzee mmoja wa Vingunguti ambaye hakupata kushika kamera maishani mwake.

Mzee huyo alikuwa jirani yetu, upande wa machinjio. Binti yake aliolewa Tabora, na miaka mingi ilikuwa imepita bila ya wawili hao kuonana. Akaniomba nimpige picha ya kumpelekea. Saa tatu asubuhi alitoka katika kanzu nyeupe na kofia ya kutarizi, akasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Jua lilikuwa kali, wingu hapana. Kamera yangu ilikuwa na filamu isiyo ya rangi, yenye kasi ya 100. Kipimamwanga nilikirithi kwa mjomba. Kilikuwa cha seleni, namna iliyoenea tangu miaka ya 1930: hakina betri, mwanga wenyewe huzaa umeme unaosukuma sindano. Nilikielekeza kwa mzee nikiwa mbali naye hatua sita. Sindano ikanipa tundu la 16 na sehemu ya 500 ya sekunde. Nikatii.

Picha ilipokuwa tayari nilimpelekea. Aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza kwenye jua, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, kanzu naiona. Mwenye kanzu yuko wapi?" Nilitazama pamoja naye. Kanzu ilikuwa ya kijivu, na chini ya kofia palikuwa na giza lisilo macho wala kinywa. Nilitahayari.

Jibu la swali lake limo katika tabia ya chombo. Kipimamwanga hakijui kanzu wala uso. Hupokea mwanga unaorudi kutoka kwa kila kilicho mbele yake, kikauchanganya, kikadhani kinatazama kitu cha kijivu cha wastani, mfano wa kadi ya wapiga picha irudishayo 18 katika kila 100 ya mwanga uiangukiao. Kikielekezwa penye weupe mwingi, hushauri mwanga upunguzwe mpaka weupe uwe kijivu; na uso mweusi, urudishao mwanga mdogo kuliko kadi ile, huzama. Kikielekezwa kwa uso huo peke yake, hukosa kwa upande wa pili: huupausha mpaka ukafanana na wa mtu mwingine. Basi sindano ni shahidi; hukumu ni ya mpiga picha.

Wakubwa wa kazi hii nao walipata kukosea. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi za Marekani zililinganisha rangi ya ngozi kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu. Kipimo cha mmoja kilifanywa kipimo cha wote, na wengi walitoka katika picha zao wenyewe kama vivuli.

Nilirudi kwa mzee siku nyingine, saa ile ile, jua likiwa kama lile. Nilimwomba anyoshe kiganja kuelekea kamera, nikakipima kwa karibu bila ya kukitia kivuli. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, hukaribiana kuliko nyuso zao, na hurudisha mwanga karibu mara mbili ya kadi ya kijivu. Sindano ilisema sehemu ya 250. Nikaongeza mwanga mara mbili, nikapiga kwa sehemu ya 125, tundu likiwa lile lile. Uso ulipata mwanga mara nne ya ule wa kwanza.

Safari hii makunyanzi ya paji yalihesabika, na kanzu ilikuwa nyeupe yenye mikunjo yake. Mzee alicheka, akasema kumbe amezeeka kuliko alivyodhani. Kisha akaomba bahasha.

Picha ya kwanza sikuitupa. Naiweka pamoja na kipimamwanga, ili kila nikishikapo chombo hicho niulizwe tena: mwenye kanzu yuko wapi?