Taa Iliyowaka kwa Sifuri

Aisii yenyewe ilikuwa moja tu, 74LS00, niliyoinunua kwa pesa ya maandazi ya mama. Ndani ina mageti manne. Nikafunga taa ya LED na rezista kutoka kwenye tokeo la geti moja hadi kwenye hasi. Geti likitoa moja, taa inafifia kama jicho la mgonjwa. Nikasema basi, nimeshaiunguza, mama nitamwambia nini?

Fundi redio wa mtaani kwetu akacheka. "Dogo, hii haijui kusukuma. Inajua kumeza."

Kweli bwana. Likiwa juu, geti hili hutegemewa kusukuma miliampia 0.4 tu, likiwa chini, humeza hadi 8. Nikageuza: kutoka volti 5, rezista ya omu 470, LED, ndipo geti. Likatoa sifuri, taa ikawaka waa!

Usiku ule nikalifungua daftari la riwaya yangu. Shujaa wangu alikuwa anahutubia kila sura, na hata mimi simwamini. Nikamnyamazisha mbele ya baba yake, yule baba anayesubiri ajibiwe. Ndugu zangu, kurasa tatu zilikuja zenyewe. Mama alinikuta alfajiri bado naandika.